Mizani ya Angani na Wahakiki Wake

Machi 29, 1958, kwenye ubavu wa volkano ya Mauna Loa huko Hawaii, mita 3,397 juu ya usawa wa bahari, mashine moja ilianza kuchora mstari kwenye karatasi. Siku hiyo ilisoma 313: katika kila molekuli milioni moja za hewa kavu, 313 zilikuwa za hewa ukaa. Aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, Charles David Keeling, alikuwa mkemia asiyefikisha hata miaka 30, na kilichomtofautisha na wenzake ni ukaidi wake katika jambo moja tu. Hakukubali namba mpaka aridhike na kilichoizaa.

Mstari wa Keeling unajulikana: kila mwaka hupanda na kushuka, na kwa jumla hauachi kupanda. Kinachosahaulika ni mitungi. Mashine ya Mauna Loa haikujua yenyewe 313 ni kitu gani. Ililinganisha hewa ya mlimani na gesi iliyohifadhiwa kwenye mitungi ya chuma, na gesi hiyo nayo ilikuwa imepimwa kwa manometa ya kioo ambayo Keeling alikuwa ameibuni alipokuwa Caltech, California. Manometa hushughulika na mambo yasiyo na ubishi, yaani ujazo, joto na kanieneo. Kwa hiyo kila namba iliyotoka mlimani ilikuwa na nasaba: kutoka mashine kwenda mtungi, kutoka mtungi kwenda manometa. Leo mitungi hiyo iko chini ya uangalizi wa NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, mjini Boulder, Colorado. Hujazwa hewa safi ya milima ya Niwot Ridge, ikapimwa, kisha ikasambazwa kwa maabara za dunia. Vituo vya ardhini vinavyofuata utaratibu huo hulenga kukubaliana ndani ya sehemu 0.1 kwa milioni.

Jitihada ya kuirefusha nasaba hiyo mpaka kwenye setilaiti ina zaidi ya miaka 20 sasa. Imefika mbali kuliko wengi walivyotarajia, na pale ilipokwamia si mbali na kwetu.

Mwishoni mwa karne iliyopita tatizo lilikuwa wazi. Vituo vya ardhini vilikuwa vizuri lakini vichache, vingi vikiwa Ulaya, Marekani Kaskazini na visiwani. Vya bara zima la Afrika ungeweza kuvihesabu kwa vidole. Mwaka 2001, Peter Rayner na Denis O'Brien wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO, walipiga hesabu iliyochochea mengi: kama setilaiti ingeweza kutoa wastani wa mwezi juu ya maeneo mapana, na kosa lisizidi sehemu 2.5 kwa milioni, ingefikia manufaa ya mtandao wote wa vituo uliokuwapo. Sharti lilikuwa rahisi kulitamka. Kulitimiza kulichukua zaidi ya muongo mmoja.

Setilaiti haichoti hewa. Inachopokea ni mwanga wa jua ulioshuka hadi ardhini, ukaakisiwa, ukapanda tena. Njiani molekuli za hewa ukaa hunyonya sehemu ya mwanga huo katika mawimbi maalumu yasiyoonekana kwa macho, karibu na mikromita 1.61 na 2.06. Kifaa huangalia ni kiasi gani kimetoweka. Ili kujua mwanga umepita kwenye hewa nyingi kiasi gani, hupimwa pia alama ya oksijeni kwenye mikromita 0.76, kwa kuwa oksijeni ni asilimia 20.95 ya hewa kavu popote uendapo. Uwiano wa vipimo hivyo ndio unaotoa wastani wa hewa ukaa katika nguzo nzima ya hewa, kuanzia ardhini hadi ukingo wa angahewa.

Ugumu uko kwenye udogo wa kinachotafutwa. Nguzo hiyo hubeba sehemu 400 na ushei kwa milioni. Msitu mkubwa au nchi nzima ikivuta au kutoa gesi hiyo, tofauti inayoonekana juu yake mara nyingi haifiki sehemu moja, yaani robo ya asilimia. Hapo aina za makosa huanza kuwa na maana. Kosa la kubahatisha halitishi: leo limezidisha, kesho limepunguza, na ukiwa na vipimo vingi wastani hulifuta. Kosa la kudumu ndilo adui. Ni mizani ya muuzaji iliyochezewa. Pima mara elfu, utapunjwa mara elfu, na wingi wa vipimo utakuongezea tu imani katika uongo. Ndiyo maana maofisa wa Wakala wa Vipimo hawapiti sokoni kumuuliza muuzaji amepima mara ngapi. Wanakuja na mawe yao. Tena kosa la kudumu lililo sawa dunia nzima lina nafuu, kwani likishajulikana hutolewa. Baya zaidi ni lile linalobadilika kulingana na mahali. Likiongeza jangwani na kupunguza msituni, kompyuta itaamini kwamba jangwa linatoa gesi na msitu unaimeza.

Na jangwani ndiko lilikojitokeza. Machi 1, 2002, Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya Envisat ikiwa na kifaa kiitwacho SCIAMACHY, cha kwanza kilichoweza kupima hewa ukaa kwa njia hii hadi karibu na uso wa ardhi. Data zilipoanza kuchambuliwa, juu ya Sahara zilionekana tofauti kubwa za ajabu, zikifikia takribani asilimia 10 ya gesi yote, sawa na sehemu 37 kwa milioni. Hakuna miji wala viwanda vya kueleza jambo kama hilo, na hata vingekuwapo visingefikisha kiwango hicho. Mwaka 2005 Sander Houweling na wenzake walionyesha kwamba mhalifu alikuwa vumbi. Mwanga ulikuwa ukiruka kati ya mchanga mweupe na vumbi lililotanda juu yake, ukasafiri njia ndefu zaidi kabla ya kufika kwenye kifaa, ukanyonywa zaidi, na kompyuta ikasoma safari ndefu kama gesi nyingi. Mawingu mepesi ya kimo cha juu yakitanda juu ya uso mweusi yanaweza kufanya kinyume chake: hukata njia ya mwanga, na gesi ikaonekana pungufu. Oksijeni husaidia kugundua hila hii lakini haiimalizi, kwa sababu vumbi halitawanyi mawimbi yote ya mwanga kwa namna moja.

Jiwe la mizani lilihitajika, nalo lilianza kutengenezwa mwaka 2004 katika mji mdogo wa Park Falls, jimbo la Wisconsin. Paul Wennberg wa Caltech na wenzake waliweka huko kontena lenye spektromita kubwa ndani na kioo juu ya paa kinacholifuata jua tangu asubuhi hadi jioni. Kinyume na setilaiti, spektromita hii hulitazama jua moja kwa moja. Mwanga unaoingia haujagusa ardhi, na vumbi likiwapo hupunguza ukali wake bila kurefusha njia yake kwa kiasi cha kuleta shida. Huo ukawa mwanzo wa mtandao wa TCCON, ambao baadaye ulifika Darwin nchini Australia, Lamont huko Oklahoma, Bremen nchini Ujerumani na kwingineko. Lauder, New Zealand, nako kifaa cha namna hiyo kilikuwa kazini tangu mwaka ule ule.

Lakini nani alisema jiwe lenyewe lina uzito sahihi? Nalipenda swali hili kuliko yote katika historia hii, maana wapimaji wa Park Falls hawakusubiri kuulizwa na wengine. Katika kiangazi kile kile cha 2004, ndege zilipanda zikizunguka juu ya kituo chao zikichukua vipimo kutoka chini hadi juu, kwa vifaa vilivyothibitishwa kwa mitungi yenye nasaba ya Keeling. Spektromita ilikuwa ikisoma pungufu kwa takribani asilimia 1, karibu sehemu 4 kwa milioni. Kifaa hakikuwa kibovu. Tatizo lilikuwa kwenye majedwali ya maabara yanayoeleza jinsi molekuli inavyonyonya mwanga, ambayo hayakuwa kamili. Debra Wunch na wenzake walipokusanya safari nyingi za ndege juu ya vituo mbalimbali na kuzichapisha mwaka 2010, ilionekana kosa ni lile lile kila mahali, na kwamba namba moja, 0.989, ilitosha kulirekebisha. Kosa la kudumu lisilobadilika: hilo ndilo la heri.

Ndege haifiki juu kabisa, na robo ya hewa inaweza kubaki juu ya mabawa yake. Pieter Tans wa NOAA alilitatua hilo kwa bomba refu jembamba la chuma lililokunjwa, liitwalo AirCore. Hupandishwa na puto hadi kilomita 30 hivi, mdomo mmoja ukiwa wazi. Likipanda, hewa iliyomo hutoka kadiri kanieneo inavyopungua. Likishuka kwa mwavuli, hewa ya kila kimo huingia kwa zamu yake na kujipanga ndani ya bomba bila kuchanganyika sana. Kinachobaki ni kulikimbilia lilipoangukia na kuipima hewa hiyo mapema. Kwa ustadi wa aina hiyo, usioigharimu dunia hata roketi moja, jiwe la mizani lilipata uzito wake.

Mwaka 2009 ulileta setilaiti mbili. Januari 23, Japani ilirusha GOSAT kutoka kisiwa cha Tanegashima. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia Februari 24, ilikuwa zamu ya NASA. Setilaiti yao, OCO, ilijengwa kwa ajili ya hewa ukaa pekee, na timu yake ikiongozwa na David Crisp ilikuwa imetumia miaka kuandaa namna ya kuhakiki vipimo vyake. Roketi aina ya Taurus XL iliondoka Vandenberg, California, lakini ganda linaloifunika setilaiti halikufunguka. Uzito wa ziada ukaizuia kufikia mzunguko, na mzigo wote ukaanguka baharini karibu na Antaktika. Machi 2011 roketi ya aina hiyo hiyo iliizamisha setilaiti ya Glory kwa kasoro ya namna hiyo hiyo, na Glory ilikuwa na kifaa cha kuchunguza vumbi na chembechembe za angani, jambo lile lile lililowahangaisha watu wa hewa ukaa. Mwaka 2019 NASA ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: kiwanda kimoja cha alumini cha jimbo la Oregon kilikuwa kimeghushi vyeti vya vipimo vya uimara wa metali kwa miaka 19, na metali hiyo ilitumika kwenye viunganishi vya lile ganda. Kisababishi cha hasara kilichotarajiwa kidogo kuliko vyote, basi, kilikuwa kipimo cha uongo kilichopigwa muhuri.

Wamarekani walibaki na programu za kuchambua data wasizokuwa nazo. Wajapani walikuwa na data na uhitaji wa wachambuzi. Wakakubaliana. Timu ya Crisp ikaanza kuzisoma data za GOSAT, na kuanzia kiangazi cha 2009 watu wa pande zote mbili wakawa wanakutana Railroad Valley, ziwa lililokauka jangwani Nevada, kupima mwangaza wa ardhi huku setilaiti ikipita juu yao, ili wajue kifaa kimechakaa kiasi gani tangu kirushwe.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa ya kuvunja moyo. Wajapani walipolinganisha toleo lao la kwanza na vituo vya TCCON, mwaka 2011, walikuta setilaiti inasoma pungufu kwa sehemu 8.85 kwa milioni, zaidi ya asilimia 2. Walichapisha namba hiyo bila kuifunika funika, na heshima yao ilikua kwa hilo. Sehemu ya chanzo ilikuwa oksijeni yenyewe: maelezo ya maabara kuhusu unyonyaji wake wa mwanga yalikuwa na kasoro, kompyuta ikadhani hewa ni nzito kuliko ilivyo, na gesi ikagawanywa kwenye hewa nyingi kupita kiasi. Mwaka huo huo Wunch alipendekeza njia ya kijanja kwa maeneo yasiyo na kituo. Kusini mwa nyuzi 25 za latitudo ya kusini hewa ukaa hubadilika kidogo sana kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo, setilaiti ikionyesha huko tofauti inayofuata weupe wa ardhi au pembe ya jua, hiyo si gesi. Ni kosa, na laweza kutolewa. Kufikia 2013, toleo la pili la Wajapani lilikuwa na upungufu wa takribani sehemu 1.5 tu.

Julai 2, 2014, OCO-2 ilipanda kwa roketi ya Delta II. Safari hii ganda lilifunguka. Setilaiti hiyo huzunguka kilomita 705 juu, hupita ikweta baada ya saa saba na nusu mchana, na hupiga vipimo 24 kwa sekunde, karibu milioni moja kwa siku, ingawa mawingu huacha sehemu ndogo tu inayofaa. Muhimu zaidi kwa simulizi hii ni kwamba inaweza kugeuza shingo. Ikipita karibu na kituo cha TCCON, waendeshaji huiamuru ikikazie macho kituo hicho, na kwa dakika chache setilaiti na spektromita ya ardhini hutazama hewa ile ile. Mwaka 2017 Wunch na wenzake walitoa hukumu ya ulinganisho huo: tofauti ya kati haikufika sehemu 0.4 kwa milioni, na mtawanyiko haukuzidi 1.5. Ukikumbuka sehemu 37 za Sahara, hayo ni mapinduzi.

Hata hivyo makosa hayakuisha, yalibadilika umbo. Juu ya milima kulionekana madoa: mteremko mmoja una gesi zaidi, wa pili pungufu. Matthäus Kiel na wenzake walieleza mwaka 2019 kwamba darubini ilikuwa ikitazama pembeni kidogo ya pale ilipodhaniwa inatazama. Kwenye tambarare hilo halidhuru. Mlimani, kupotea mita mia chache kwa ulalo ni kupotea makumi ya mita kwa wima, na kila mita 10 hivi za kimo zina uzito wa hewa wa milibari moja, ambao peke yake hugeuza jibu kwa sehemu 0.4. Ubaya ni kwamba hesabu za kusahihisha makosa ndizo zilizolikuza kosa hili. Zilipoona kanieneo si ya kawaida, ziliisahihisha gesi iliyokuwa sawa.

Sasa tufike Afrika. Agosti 2019, Paul Palmer wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walichapisha utafiti uliotumia GOSAT na OCO-2. Walihitimisha kwamba Afrika ya kitropiki ilitoa takribani tani bilioni moja na nusu za kaboni kwa mwaka katika 2015 na 2016, na kwamba maeneo yaliyojitokeza yalikuwa magharibi mwa Ethiopia na Afrika Magharibi ya kitropiki. Zilikuwa habari nzito. Ardhi iliyodhaniwa inakaribia kujilipia, ikitoa na kuvuta kwa uwiano, iliandikwa kuwa mdaiwa mkubwa wa nchi za joto.

Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, lakini kilichokosekana hakikuwa uangalifu. Katika bara lote la Afrika hakukuwa na kituo hata kimoja cha TCCON. Vya karibu vilikuwa visiwani: Réunion katika Bahari ya Hindi, Ascension katikati ya Atlantiki, Izaña huko Tenerife. Ile namba nzuri ya 0.4 ilipatikana juu ya Oklahoma na Bremen, si juu ya ukanda ambako vumbi la Sahara, moshi wa mioto ya nyika na mawingu ya mvua hukutana angani. Kudhani mizani iliyohakikiwa Lamont itakuwa sawa juu ya Sudan Kusini ni imani, hata kama ni imani yenye sababu.

Uhakiki ulikuja kwa mlango wa nyuma. Kati ya 2016 na 2018 ndege ya NASA aina ya DC-8, katika mradi wa ATom, ilizunguka dunia katika misimu minne ikipanda na kushuka juu ya bahari kuu, ikiwamo Atlantiki ya kitropiki, ambako pepo huipeleka hewa iliyotoka Afrika. Benjamin Gaubert na wenzake waliuliza swali rahisi: kama kaskazini mwa Afrika ya kitropiki kunatoka gesi nyingi kiasi hicho, ndege ingekuta nini? Jibu lao la mwaka 2023 ni kwamba makadirio ya setilaiti kwa ukanda wa kati ya ikweta na nyuzi 24 kaskazini, tani bilioni 0.8 hadi 1.45 kwa mwaka, hayakuafikiana na hewa iliyokutwa. Wao walipata 0.14, na shaka ya 0.39 juu au chini: karibu na sifuri. Walishuku kwamba setilaiti inazidisha kidogo juu ya eneo hilo. Ni kiwango kidogo mno kuonekana kwenye ramani yoyote, lakini kinatosha kuifanya Afrika ionekane mdaiwa.

Sioni sababu ya kumlaumu Palmer, na yeye mwenyewe ni miongoni mwa waliokwenda kutafuta jiwe la mizani. Katika miezi ya mwanzo ya 2020, spektromita ndogo ya kubebeka, aina ya EM27/SUN, yenye uzito wa kilo 25 hivi, iliwekwa Jinja nchini Uganda, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Iliwekwa ndani ya sanduku la kuikinga na mvua, likijifungua na kujifunga lenyewe, ikawa inalitazama jua na kupima hewa ukaa na methani takribani kila dakika mawingu yaliporuhusu. Wahusika walivitaja kuwa vipimo vya kwanza vya aina yake Afrika Mashariki, wakavilinganisha na OCO-2, GOSAT na setilaiti ya Ulaya inayopima methani, na kuvichapisha mwaka 2024. Miezi ile haikutosha kuona masika, kipupwe na vuli zikikamilisha mzunguko. Na Jinja iko chini ya nusu nyuzi kaskazini mwa ikweta, kwenye ukingo wa kusini wa eneo linalobishaniwa. Nyuzi 23 na ushei zinazobaki, kuelekea juu kupitia Sudan Kusini hadi mchanga wa Sahara, kifaa hicho hakikuzifikia.